Fahirisi ya kabonili: kuupima uzee wa kamba ya plastiki

Chukua kamba ya manila iliyokaa juani muda mrefu, ile ya bluu ya kufungia mashua, uipitishe kiganjani. Itakuachia unga mweupe na vijinyuzi vinavyochoma kama miiba. Unga huo ni kamba yenyewe inayomomonyoka, na kufikia hapo imeshachoka zamani. Fahirisi ya kabonili, yaani namba inayoonyesha plastiki imeliwa na jua kiasi gani, huuona uchovu huo mapema, kabla kamba haijakatika mtu akiwa majini.

Manila nyingi za siku hizi ni polipropilini, plastiki ya kaboni na haidrojeni tu. Ikiwa mpya, karibu haina oksijeni. Miale ya urujuanimno ya jua huanza kuikata minyororo ya molekuli, na oksijeni ya hewani hujipachika penye jeraha. Pale kaboni inaposhikana na oksijeni kwa kifungo maradufu, hapo pana kabonili. Kabonili zikiongezeka, ujue uzi umeliwa.

Mtaalamu huzitafuta kwa kuumulika uzi kwa miale ya infraredi ndani ya spektromita, chombo kinachopima miale ipi imefyonzwa na kwa kiasi gani. Kila aina ya kifungo hufyonza miale yake. Kabonili huchomoza kama kilima kwenye grafu, karibu na namba 1715, yaani idadi ya mawimbi ya miale hiyo katika sentimita moja. Ila kimo cha kilima hicho peke yake hudanganya, maana uzi mnene hutoa kilima kirefu kuliko mwembamba hata nyuzi hizo zikiwa za umri mmoja. Kwa hiyo hugawanywa kwa kimo cha kilima kingine kisichobadilika sana, kwa mfano cha karibu na 1460, cha kaboni na haidrojeni. Jibu la mgawanyo huo ndilo fahirisi.

Usiigeuze kuwa kalenda. Viwandani plastiki huchanganywa na dawa za kuikinga na jua. Fahirisi hukaa chini muda mrefu, dawa ikiisha hupanda kwa kasi. Tena ukiifumua kamba nene, nyuzi za nje zinaweza kuwa zimezeeka huku za katikati ni nzima, hivyo sampuli moja haitoshi.

Nyavu za nailoni ni habari nyingine kabisa. Nailoni huzaliwa na kabonili zake, kwa hiyo hesabu ya manila haiingii moja kwa moja. Mara nyingi huyeyushwa kwenye asidi, kisha hupimwa jinsi mchanganyiko unavyotiririka: minyororo iliyokatikakatika hupita upesi kuliko iliyo mirefu.