Subjuntivo ya Kihispania tayari unayo mdomoni

Jumanne jioni, darasani kwangu hapa Kisumu, mwanafunzi mmoja ambaye ni muuguzi aliandika ubaoni: *Quiero tú venir*. Alikusudia "Nataka uje." Nilipomwuliza sentensi ile ameitoa wapi, alisema aliifikiria kwanza kwa Kiingereza. Nikamwomba aandike chini yake maneno yaleyale kwa Kiswahili, kisha apigie mstari herufi ya mwisho. *Nataka uje*. Akaitazama ile *e* kwa muda, akafuta ya juu, akaandika: *Quiero que vengas*.

Nimefundisha Kihispania kwa miaka 11, na kosa hili nakutana nalo kila muhula. Shuleni tumezoezwa kwamba lugha ya kigeni hupitia Kiingereza. Kwa subjuntivo, yaani umbo la kitenzi kama lile la "uje" lenye *e* mwishoni, njia hiyo ni ya kuzunguka bure, maana Kiingereza karibu kimeishiwa na umbo hili, ilhali sisi tunalitumia tangu asubuhi: aje, tule, wasome, usichelewe. Mwalimu wangu wa kwanza alitupa orodha ndefu ya kukariri: ukiona *espero que* (natumaini kwamba) weka subjuntivo, ukiona *dudo que* (nina shaka kwamba) weka. Niliikariri yote na bado nilikuwa nakwama katikati ya mazungumzo, kwa sababu hakuna anayeongea huku akipekua orodha.

Tazama jinsi lugha hizi mbili zinavyokwenda sambamba. "Nataka kwenda" ni *Quiero ir*, lakini "Nataka uende" ni *Quiero que vayas*. Mtendaji akibaki yuleyule, kitenzi cha pili hakibadiliki kwa nafsi. Akibadilika, subjuntivo inaingia. "Lazima aende" ni *Es necesario que vaya*. "Ili aelewe" ni *para que entienda*. "Anasema anakuja" ni *Dice que viene*, ila "Anasema uje" ni *Dice que vengas*: kitenzi "kusema" ni kilekile, lakini cha kwanza kinaleta habari na cha pili kinaleta agizo. Hata katika amri tuko pamoja. Tunasema "Sema!" ila kukataza ni "Usiseme!" Wao ni *¡Habla!* na *¡No hables!* Mara ya kwanza nilipoliona hili nilifurahi sana, na bado nalifurahia kila ninapolifundisha.

Tahadhari moja: vitenzi vyetu vyenye asili ya Kiarabu havibadiliki mwishoni. "Nataka arudi", "nataka ajibu", *e* haionekani. Badala yake weka "pika". Ukisikia "apike", basi Kihispania kinadai subjuntivo.

Kuhusu maumbo sitakaa sana. Vitenzi vinavyoishia kwa *-ar* huchukua *e* kama sisi: *hable* (aseme). Vya *-er* na *-ir* huchukua *a*: *coma* (ale), *viva* (aishi). Shina litoe kwenye nafsi ya kwanza ya wakati uliopo: *tengo* (nina) inazaa *tenga*, *digo* (nasema) inazaa *diga*. Vinavyoikaidi kanuni hiyo ni sita tu, vile ambavyo nafsi yake ya kwanza haiishii kwa *o*: *ser*, *estar*, *ir*, *dar*, *saber* na *haber*. Hivyo vikariri.

Penye kazi ni pale Kiswahili kinapoacha *e* na kutumia njia nyingine. Chukua "Ukifika Kondele, nipigie." Hiyo *-ki-* ina maana mbili. Ikiwa safari yako ni ya hakika na nangoja tu saa yake, naweza kusema "utakapofika", na Kihispania ni *Cuando llegues a Kondele, llámame*. Ikiwa sina hakika kama utafika, ni *Si llegas*, bila subjuntivo. Na ikiwa ni mazoea, "nikifika nyumbani huwa napika", ni *Cuando llego a casa, cocino*. Kwa hiyo kila *-ki-* ijaribu kwa *-takapo-*. Ikikubali, weka subjuntivo baada ya *cuando*.

Kwenye shaka, sikiliza "kama". "Nadhani atakuja", *Creo que viene*. "Sidhani kama atakuja", *No creo que venga*. Sisi tumeibeba shaka kwenye neno dogo, wao wameibeba kwenye kitenzi. Lakini "sijui kama atakuja" ni *No sé si viene*, kwa sababu hapo "kama" inauliza tu.

Panapowasumbua wanafunzi wangu zaidi ni kwenye hisia. "Nafurahi kwamba uko hapa." Uko hapa kweli, nakuona, shaka iko wapi? Hata hivyo ni *Me alegra que estés aquí*. Kiswahili hakikupi dalili yoyote hapo, nami nina swali moja tu la kukupa: je, unampa mwenzako habari? Yeye anajua fika kwamba amekaa mbele yako. Unachompa ni furaha yako, na kuwepo kwake si habari mpya kwake. Kisichotolewa kama habari huenda kwenye subjuntivo.

Swali hilohilo linamaliza pia suala jingine, la kumtafuta fundi. *Busco un mecánico que sepa reparar motores de barco*: namtaka yeyote anayejua kutengeneza injini za boti, simjui bado. *Busco a un mecánico que sabe*: yupo, huenda nilimwona pale Dunga wiki jana, namtafuta yeye. Kiswahili husema "anayejua" mara zote mbili. Iangalie pia ile *a* baada ya *busco*, imekuja kwa sababu mtu huyo ni mahususi.

Kisha kuna *ojalá*, neno ninalolipenda kuliko yote katika lugha hii. Lilitokana na Kiarabu cha Andalusia, kutoka maneno yenye maana ya Mungu akipenda, kwa hiyo ni jamaa wa "inshallah" yetu. Daima hufuatwa na subjuntivo. *Ojalá llueva*, mvua inyeshe jamani. Na jambo likishapita, linafanya kazi ya "laiti": *Ojalá lo hubiera sabido*, laiti ningalijua.

Yule muuguzi alinitumia ujumbe Alhamisi usiku akiwa zamu: *Profe, ojalá salga temprano mañana*, yaani Mwalimu, Mungu akipenda nitoke mapema kesho. Nikamjibu: *Ojalá*.