Udhamini wa nje: nje ya nini?

Mwambie mzazi wa Moshi kwamba mwanawe amepata udhamini wa nje, mawazo yake yanakwenda moja kwa moja KIA, kwenye ndege. Lakini "nje" hapa haina maana ya ng'ambo. Udhamini wa nje ni fedha ya masomo inayotolewa na mtu asiye chuo chenyewe wala serikali: parokia, usharika, kampuni, taasisi, hata ukoo uliochangishana. Unaweza kuupata ukasoma palepale Chuo Kikuu cha Ushirika na jioni ukarudi kulala kwenu Majengo. Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23 kwa waliofanya vizuri zaidi sayansi kidato cha sita, si wa nje kwa maana hii, kwa sababu unatoka serikalini.

Udhamini si mkopo. Bodi ya Mikopo inakukopesha, na ukishaajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Udhamini haurudishwi. Kwa hiyo hata wa laki tatu usiudharau. Ni laki tatu ambazo hutazikopa.

Mwaka jana binti mmoja wa Marangu aliniletea barua yake ya udhamini, imekunjwa mara nne ndani ya bahasha ya kaki. Nyumbani walishachinja mbuzi. Baba yake alimwambia asihangaike tena na maombi ya mkopo, "umeshadhaminiwa." Tukaisoma pamoja, mstari kwa mstari. Ilisema: ada ya mwaka wa kwanza, italipwa kwenye akaunti ya chuo. Basi. Chumba hakimo, chakula hakimo, mafunzo kwa vitendo hayamo, mwaka wa pili na wa tatu haijasema lolote. Na dirisha la mkopo lilikuwa limeshafungwa. Iliniuma sana, kwa sababu hakuna aliyemdanganya. Neno lenyewe ndilo lililosikika kubwa kuliko fedha iliyokuwa ndani yake.

Kuna jambo jingine linalowahusu wanaoomba vyuo vya Marekani, na hapa Arusha na Moshi wapo, hasa wanaomaliza shule za kimataifa. Kule ukipata udhamini wa nje unatakiwa kuutaja chuoni, na chuo kinaweza kupunguza msaada wake. Tuseme gharama ya mwaka ni dola 60,000, chuo kimekupa 50,000, nyumbani mnatakiwa kutoa 10,000. Mfadhili wa nje anakuja na 5,000. Mnashangilia kwamba sasa mzigo wenu ni 5,000. Kumbe chuo kinaweza kushusha msaada wake hadi 45,000, na ninyi mkabaki na 10,000 yenu ileile. Aliyenufaika hapo ni chuo. Vyuo vingine ni waungwana zaidi: vinaanza kupunguza mkopo au kazi ya chuoni uliyopangiwa, na ruzuku, yaani fedha usiyoirudisha, hawaigusi mpaka hivyo viishe. Jimbo la Maryland lilitunga sheria mwaka 2017 kuvibana vyuo vyake vya umma visipunguze msaada ovyo, lakini usitegemee kila jimbo liko hivyo. Andika barua pepe kwa ofisi ya misaada ya chuo kabla hujakubali nafasi, uliza: nikipata fedha ya nje, mtapunguza nini kwanza? Jibu liwe la maandishi.

Kwa mfadhili wa hapa nyumbani, uliza ni miaka mingapi, ni ada peke yake au na malazi, fedha inaingia kwa nani na lini, na ukishuka alama inakuwaje. Kuuliza si utovu wa adabu. Yule binti aliogopa kuonekana hana shukrani, tukaiandika barua pamoja, tukaanza na asante. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili: mwaka wa pili ataomba upya, aambatanishe matokeo. Siku hiyohiyo baba yake alianza kuulizia dirisha la mkopo linafunguliwa lini.