Je, wajua kwa nini kazi za Waingereza wa kale bado zinajulikana?

Mhunzi wa kijijini aliyefariki Uingereza mwaka 1860 huenda hakujua hata kuandika jina lake. Pamoja na hayo, wazao wake wanaweza leo kujua kwamba alikuwa mfua chuma, kwamba baba yake alikuwa kibarua wa shambani, na kwamba mwanawe alihamia mjini akaajiriwa kwenye reli. Mengi ya haya hayakutoka vinywani mwa wazee. Yaliandikwa na makarani, kwa kuwa Kanisa na serikali walikuwa na haja zao.

Kanisa lilitangulia. Sheria ya 1812 iliziagiza parokia za Kanisa la Uingereza kutumia daftari zilizochapwa, na kuanzia Januari 1813 mtoto akibatizwa, kazi ya baba yake nayo iliandikwa. Kabla ya hapo ilitegemea kasisi mwenyewe alivyopenda. Kisha tarehe 1 Julai 1837 serikali ikaanza kusajili vizazi, ndoa na vifo. Ukiwa na fedha za kulipia cheti kimoja tu, chukua cha ndoa: kinataja kazi ya bwana harusi, ya baba yake, na ya baba wa bibi harusi. Serikali nayo ilikuwa na sababu ya kuuliza. Mtakwimu wa ofisi kuu ya usajili, William Farr, alilinganisha vifo vya watu wa kazi mbalimbali ili ijulikane ni kazi zipi zinazowaua watu mapema.

Sensa ndiyo inayomfuata mtu maisha yake yote, maana kuanzia 1841 kazi za watu ziliandikwa kila baada ya miaka kumi. Ukifungua ya 1841 utakuta "Ag. Lab." ukurasa baada ya ukurasa, ndivyo makarani walivyofupisha kibarua wa shambani. Kuanzia 1851 mkulima alitakiwa kutaja ekari zake na idadi ya watu aliowaajiri. Sensa ya 1921, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2022, inataja hata mwajiri. Baada yake kuna pengo kubwa: karatasi za 1931 ziliteketea kwa moto mwaka 1942, na mwaka 1941 sensa haikufanyika kwa sababu ya vita. Pengo hilo linazibwa kwa sehemu na orodha ya wakazi iliyoandikwa tarehe 29 Septemba 1939 kwa ajili ya vitambulisho.

Kwa waliotangulia zaidi, fuata kodi. Kuanzia 1710 mikataba ya uanagenzi ilitozwa ushuru, na daftari za malipo hayo, za 1710 hadi 1811, zimo katika Nyaraka za Taifa, huko Kew, London. Zinataja fundi, ufundi wake, na kijana aliyekwenda kujifunza kwake. Wosia wa enzi hizo nao wakati mwingine una orodha ya mali: ukiona kitanda cha kufumia na nyuzi, umemjua mfumaji hata kama hakuna aliyemwita hivyo.

Lakini usiziamini daftari hizi kuhusu wanawake. Mwaka 1841 makarani wa sensa waliambiwa wazi kwamba hakuna haja ya kuandika kazi ya mke, au ya mtoto anayewasaidia wazazi bila mshahara. Mwanamke aliyeoka mikate usiku na kuuza dukani asubuhi akaachiwa nafasi tupu mbele ya jina lake. Huo ni uonevu, na unapotosha historia ya familia nyingi mpaka leo. Ukitaka kumpata, mtafute kabla hajaolewa, maana watumishi wa nyumbani waliandikwa. Halafu mtafute akishakuwa mjane. Mara nyingi sensa inayofuata kifo cha mume humwonyesha mke akiwa mwoka mikate, mwenye kilabu cha pombe, hata mhunzi mwenye wafanyakazi wake. Ni vigumu kuamini kwamba alijifunza biashara hiyo baada ya mazishi.

Vyeti vya ndoa vyenyewe vilimtaja baba peke yake kwa zaidi ya miaka 180. Nafasi ya jina la mama na kazi yake iliongezwa Mei 2021, kwa Uingereza na Wales.