Mpenzi akichepuka: maswali na majibu

Mpenzi wangu amechepuka. Nimekosea wapi?

Uamuzi wa kuchepuka ulikuwa wake, si wako. Mwaka 2019 Dylan Selterman na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti wa watu 495 waliokiri kuwasaliti wapenzi wao. Sababu zilikuwa nane: hasira, kujiona duni, mapenzi kupoa, kutojifunga kwenye uhusiano, kutaka ladha mpya, kuhisi wametelekezwa, tamaa ya mwili, na mazingira kama vile ulevi. Baadhi ya haya mtu huja nayo mwenyewe. Hata ungekuwa mzuri kiasi gani, usingeyaondoa.

Lakini tunapendana! Inawezekanaje?

Inawezekana, tena sana. Tangu miaka ya 1980 mwanasaikolojia Caryl Rusbult alionyesha kwamba msimamo wa mtu katika uhusiano hutegemea mambo matatu: anavyoridhika, alichokwisha kuwekeza, na anavyowaona wengine walioko nje. Kwa wapenzi wasiooana, hilo la pili mara nyingi ni dogo. Hakuna posa, hakuna mtoto, wazazi hawajajuana. Mtu anaweza kukupenda kweli na bado akaacha mlango wazi.

Kuna na hili, ambalo naona ndilo linaloumiza vijana wengi: hamkuwahi kukubaliana. Wewe unajua ni wachumba, mwenzako anajua mnajuana tu. Muulize waziwazi, mapema, hata kama unaona aibu.

Aliyechepuka mara moja atarudia?

Utafiti wa Marekani wa mwaka 2017 ulikuta waliochepuka katika uhusiano mmoja walikuwa na uwezekano mara tatu zaidi wa kuchepuka katika uliofuata. Hata hivyo, si wote waliorudia. Tazama matendo: amekata mawasiliano na yule mtu? Anajibu maswali yako bila kukugeuzia kibao?

Silali, sili, nashika simu yake kila saa.

Pole sana. Ni mshtuko, na huwapata wengi. Ukizidi wiki mbili, muone mshauri nasaha. Ukiwaza kujidhuru, nenda hospitali leo, usiende peke yako.

Nipime?

Ndiyo: VVU, kaswende na kisonono, hata kama huna dalili. Ikiwa mlikutana bila kondomu ndani ya saa 72 zilizopita, wahi kituo cha afya uulizie PEP, dawa za kuzuia VVU zinazomezwa kwa siku 28. Majibu yakiwa hasi, uliza tarehe ya kurudia, maana maambukizi mapya huchelewa kuonekana kwenye kipimo. Mkiamua kuendelea, mwenzako naye apime.