Si kila chura alianza kama kiluwiluwi

Masika haya, kwenye mtaro wa nyuma ya nyumba yetu Sinza, mtoto wa jirani aliniletea viluwiluwi kwenye kopo la maziwa. Wawili walishaota miguu ya nyuma, mkia bado. "Anko, vyura wote wanaanza hivi?" Babu yake akawahi kujibu: wote.

Babu shikamoo, lakini hapana. Wengi ndiyo, wote sivyo. Na mfano bora uko hapahapa Tanzania.

Chura wa Kihansi, wa korongo la milima ya Udzungwa, anazaa. Hafiki hata sentimita 3. Mayai yanarutubishwa ndani ya mwili wa jike, watoto wanakulia humo kwa kula kiini cha yai, kisha wanatoka na miguu yote minne, wadogo wa kukaa juu ya ukucha. Usiseme basi ni mamalia: hakuna kondo la nyuma, hakuna kunyonyesha. Ni chura kamili, ila hatua ya kiluwiluwi majini ameiruka. Kwenye miteremko ya maji yaendayo kasi, yai lililoachwa kijitoni lingeweza kusombwa.

Bwawa la umeme lilipopunguza manyunyu ya maporomoko ya korongo hilo, ambayo vyura hawa waliyategemea, mwaka 2000, walipukutika, na 2009 wakatangazwa kutoweka porini. Waliobaki walikuwa wakitunzwa Marekani. Mwaka 2010, vyura 100 walirudishwa kwa ndege, wakawekwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kutoka Sinza, ni daladala moja tu.