Medicare na bima ya ziada: maswali ya wazee wetu walioko Marekani

Bahasha huanza kumiminika miezi kadhaa kabla hujatimiza miaka 65. Nyingine zina picha ya tai na maandishi mekundu, ukiziona utadhani zimetoka serikalini, kumbe ni matangazo ya mawakala wa bima. Mama mmoja ninayesali naye alizikusanya zote kwenye mfuko wa plastiki, akanikabidhi baada ya ibada: "Mwanangu, nichambulie mchele huu." Tuliketi kwenye ngazi za kanisa tukauchambua. Punje ya kweli ilikuwa moja tu: kadi yake ya Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani hasa kwa wenye miaka 65 na zaidi, ile ya karatasi yenye rangi nyekundu, nyeupe na buluu, bado imeshikamana na barua yake. Nusura aitupe pamoja na makapi.

Tangu siku ile nimeulizwa maswali yaleyale mara nyingi, na wazee wenyewe na hata watoto wao. Viwango vya fedha hapa ni vya mwaka 2025, isipokuwa pale nilipotaja mwaka mwingine. Vingi hubadilika kila Januari.

Nimekatwa kodi ya Medicare kwenye mshahara miaka yote hii. Bima ya ziada ya nini tena?

Kwa sababu Medicare haikuumbwa ilipe kila kitu. Tangu Rais Lyndon Johnson alipotia saini sheria yake mwaka 1965, mgonjwa ameachiwa fungu lake la kulipa.

Sehemu A ni ya kulazwa hospitali. Aliyefanya kazi na kukatwa kodi kwa miaka 10 haitozwi ada ya mwezi kwa sehemu hii. Lakini akilazwa, hutangulia kutoa dola 1,676 mfukoni mwake. Fedha hii ya kutangulia nitaiita kianzio. Wengi hudhani ni ya mara moja kwa mwaka, na hapo ndipo wanapokosea. Ukitoka hospitali, zikapita siku 60 mfululizo bila kulazwa, kisha ukalazwa tena, unalipa kianzio upya. Na ukilala wodini muda mrefu, kuanzia siku ya 61 hadi ya 90 unachangia dola 419 kila siku.

Sehemu B ni ya daktari, vipimo na matibabu ya kwenda na kurudi. Ada yake ya kawaida ilikuwa dola 185 kwa mwezi mwaka 2025, na mwaka 2026 ilipanda hadi 202.90. Kianzio chake ni dola 257 kwa mwaka. Baada ya hapo Medicare hulipa asilimia 80 na wewe 20.

Hiyo 20 ndiyo inayomaliza watu, maana haina kikomo. Chukua mgonjwa wa saratani anayetundikiwa dawa kliniki na kurudi nyumbani, matibabu ambayo kwa hesabu ya Medicare yamegharimu dola 60,000. Atoe kianzio 257, zibaki 59,743, achangie asilimia 20 ya hizo: dola 11,948.60. Jumla yake ni zaidi ya dola 12,200, na mwaka mwingine hesabu inaanza upya. Bima ya ziada ni ya kuziba pengo hilo, ndiyo maana inaitwa Medigap.

Hizo herufi zake zinanichanganya. Kuna Sehemu A na tena kuna Mpango A?

Ndiyo, na aliyezipanga hakuwa na huruma. Sehemu A, B, C na D ni sehemu za Medicare yenyewe. Mipango ya Medigap nayo imepewa herufi zake: A, B, C, D, F, G, K, L, M na N. Mtu akikutajia herufi tupu, muulize kwanza: sehemu au mpango?

Habari njema ni kwamba mipango hii imesanifiwa na sheria. Mpango G wa kampuni moja unalipa mambo yaleyale anayolipiwa mwenye Mpango G wa kampuni nyingine, katika jimbo lilelile. Kinachotofautiana ni bei na huduma za ofisini. Kwa hiyo wakala akikuambia G ya kwao "ni bora zaidi", muulize ni bora kwa kitu gani, kisha nyamaza umsikilize. Tofauti iko Minnesota, Wisconsin na Massachusetts: majimbo hayo yana mipangilio yake yenyewe, na ndugu zetu wa Minnesota ni wengi, kwa hiyo wasishangae wasipoziona herufi hizi.

C na F hazipatikani kwa aliyeanza kustahili Medicare Januari 1, 2020 au baadaye. Wengi wanaoanza sasa hujikuta wakipima G na N. Mpango G hulipa karibu kila pengo isipokuwa kile kianzio cha Sehemu B. Yule mgonjwa wetu wa dola 12,200 angetoa 257 tu, pamoja na ada zake za kila mwezi. Mpango N kwa kawaida ada yake ni nafuu, ila unaweza kutoa hadi dola 20 ukienda kwa daktari na hadi 50 ukienda chumba cha dharura, na haulipi nyongeza ambayo baadhi ya madaktari wanaruhusiwa kutoza juu ya bei ya Medicare.

Kabla hujasaini, uliza ada itapandaje. Baadhi ya kampuni huanza na bei ya chini, kisha huipandisha kadiri umri unavyosogea. Ukiwa na miaka 66 unaifurahia, ukifika 80 inakutoa jasho.

Nina sukari na presha. Kuna kampuni itakayonikubali?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na jibu lake liko kwenye kalenda.

Ukishakuwa na miaka 65 na ukawa ndani ya Sehemu B, unafunguliwa mlango wa miezi sita. Ndani ya miezi hiyo, kampuni inayouza Medigap katika jimbo lako hairuhusiwi kukukataa wala kukuongezea bei kwa sababu ya ugonjwa. Sukari, presha, moyo, figo, hata kama jana umetoka wodini. Kinachoruhusiwa ni kukusubirisha hadi miezi sita kabla ya kulipia ugonjwa uliokuwa nao tayari, na muda huo hupunguzwa au kufutwa kama ulikuwa na bima nyingine kabla ya hapo.

Miezi sita ikiisha, katika majimbo mengi kampuni inaweza kukutaka ujaze fomu ya afya, ikapekua dawa unazotumia, kisha ikakataa. New York na Connecticut zinaacha mlango wazi mwaka mzima. Kwingine usitegemee hilo.

Mtego ninaouona zaidi kwetu ni wa mtu anayeendelea kazi baada ya 65. Wengi wetu tunafanya kazi kwenye nyumba za kulea wazee na mahospitalini, na tuna bima ya mwajiri. Mtu anasikia kwamba asipochukua Sehemu B atapigwa faini, anaikimbilia. Faini ipo kweli: asilimia 10 ya ada kwa kila miezi 12 kamili uliyochelewa, na huilipi mara moja ikaisha, unaendelea nayo. Lakini kama mwajiri wako, au wa mwenzi wako, ana wafanyakazi 20 au zaidi, na mmoja wenu bado yuko kazini, unaweza kuiahirisha Sehemu B bila faini. Aliyeikimbilia analipa bima mbili, na kibaya zaidi saa yake ya miezi sita imeshaanza kuhesabu. Anastaafu akiwa na miaka 69, anaitafuta Medigap, mlango umefungwa. Sheria imemwachia upenyo: kama bima ya kazini ilikuwa ikilipa baada ya Medicare na sasa imekoma, anaweza kuwa na siku 63 za kununua baadhi ya mipango bila kuulizwa afya. Kwa mwajiri mkubwa, kwa kawaida bima ya kazini ndiyo hulipa kwanza, hivyo upenyo huo huenda usimfae.

Kwa mwajiri mwenye watu chini ya 20 mambo yanageuka: Medicare ndiyo hulipa kwanza, na kuiahirisha Sehemu B kunaweza kukuacha na bili mkononi.

Rafiki yangu ana Medicare Advantage, halipi chochote cha ziada kwa mwezi, na analipiwa meno. Kwa nini nisiifuate?

Inawezekana inamfaa. Zaidi ya nusu ya walio kwenye Medicare wako huko, wala si wajinga. Advantage, ambayo ndiyo Sehemu C, ni kampuni binafsi inayokuhudumia badala ya Medicare ya kawaida. Ada ya Sehemu B bado unailipa. Mara nyingi dawa zimo, meno na miwani kidogo vimo, na kuna kikomo cha mwaka cha fedha unazochangia: mwaka 2025 hakikuruhusiwa kuzidi dola 9,350 kwa matibabu ndani ya mtandao wao, yaani kwa madaktari na hospitali wenye mkataba na kampuni hiyo.

Neno zito hapo ni mtandao. Daktari wako akiwa nje yake, unalipa zaidi au hulipiwi kabisa, na vipimo vikubwa vingi husubiri kibali cha kampuni. Ukiwa mzima hutaona tofauti. Ukiumwa kweli utaiona.

Huwezi kuwa na Advantage na Medigap vyote viwili. Na kutoka Advantage kurudi Medigap ni kuukuta ule mlango wa maswali ya afya. Kama uliingia Advantage mara tu ulipotimiza 65, una miezi 12 ya kujaribu na kurudi bila kuulizwa. Mtu mwenye ugonjwa sugu na uwezo wa kulipa ada, mimi ningemwambia aanze na Medigap. Kutoka huko kwenda Advantage ni rahisi, kurudi ndiko kugumu.

Kila mwaka nakwenda Moshi kuanzia Novemba hadi Aprili. Nikiugua kule?

Medicare ya kawaida, isipokuwa katika hali chache sana, hailipi nje ya Marekani. Kadi ile ukiitoa kaunta ya hospitali Moshi au Nairobi ni karatasi tu.

Mipango ya Medigap C, D, F, G, M na N ina fungu la dharura za nje. Unatoa kianzio cha dola 250, kisha mpango unalipa asilimia 80. Tuseme umeanguka ukavunjika nyonga, bili ya dola 4,000. Toa 250, zinabaki 3,750; mpango unalipa 3,000, wewe jumla yako ni 1,000. Si haba. Lakini lazima iwe dharura iliyoanza ndani ya siku 60 za kwanza za safari, na kikomo ni dola 50,000 kwa maisha yako yote. Kwa anayeondoka Novemba mwanzoni, ulinzi huo unakwisha kabla ya Januari kumalizika. Miezi iliyobaki, nunua bima ya safari inayokubali umri wako na magonjwa yako. Kliniki ya kawaida ya presha haimo.

Jiandae kulipa mwenyewe kwanza na kudai baadaye. Dai risiti yenye mhuri, ripoti ya daktari, tarehe ya kulazwa na ya kutoka. Ukifika Marekani ndipo unakumbuka karatasi iliyobaki kwenye droo ya shangazi, umechelewa.

Nilimleta mama yangu kwa kadi ya kijani. Hajawahi kufanya kazi hapa.

Akiwa na miaka 65 na ameishi hapa kihalali miaka mitano mfululizo kama mkazi wa kudumu, anaweza kujiunga kwa kulipa. Sehemu A peke yake ni hadi dola 518 kwa mwezi, juu yake Sehemu B. Anaweza kuchukua B tu, lakini bila A na B zote hauziwi Medigap. Kwa waliokuja kama wakimbizi, hasa ndugu wa Kongo: sheria ya Julai 2025 imebana wanaostahili Medicare, na hadhi ya ukimbizi peke yake haitoshi tena. Kamilisheni kadi ya kijani mapema.

Kipato changu ni kidogo, siwezi ada zote hizi.

Basi usianze na wakala, anza na ofisi ya jimbo lako ya Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo. Ziko programu zinazolipa ada ya Sehemu B kwa niaba yako, nyingine hulipa hata vianzio na ile asilimia 20, na upo msaada wa dawa uitwao Extra Help. Mwenye Medicaid kwa kawaida hahitaji Medigap, na aghalabu sheria inakataza kumuuzia.

Medigap inalipa dawa, meno na nyumba ya wazee?

Hapana kwa zote tatu. Dawa ni Sehemu D, na mwaka 2025 hukutoa zaidi ya dola 2,000 kwa dawa zilizo kwenye mpango wako.

Mtu amenipigia simu, anasema ni Medicare, anataka namba ya kadi yangu.

Kata simu. Medicare haikupigii bila wewe kuitafuta ili ikuombe namba. Kila jimbo lina washauri wa bure wa programu iitwayo SHIP, hawauzi chochote wala hawalipwi kamisheni. Utaelekezwa kwao ukipiga namba ya Medicare, 1-800-633-4227. Akipokea mtu, sema neno moja tu, "Swahili", usubiri mkalimani aunganishwe. Ni bure, hata kama Kiingereza chako ni kizuri.