"Nikishapiga mbili tatu ndiyo naendesha kwa utulivu": dhana potofu za ulevi na simu kwenye usukani

Maneno hayo hutayasikia kwa mlevi aliyelala mtaroni. Utayasikia kwa watu wazima wenye kazi na familia zao, wamesimama kando ya gari saa tano usiku, funguo mkononi, wanaagana kwa mara ya tatu. Wengi wameendesha hivyo kwa miaka bila kugonga hata kioo cha pembeni, ndiyo maana kubishana nao ni kazi.

Ukweli ni kwamba pombe haianzi na miguu wala ulimi. Inaanza na ule uwezo wa kujikosoa, wa kupima hatari na kujiambia "hapa siovateki." Ukijiuliza kama umelewa, unamuuliza shahidi ambaye tayari amehongwa. Utulivu unaousikia ni woga uliopungua tu. Mguu wako haujawa mwepesi kwenye breki hata kidogo, umekuwa mzito. Na mnywaji mzoefu ndiye wa kumtazama zaidi, kwa sababu amejifunza kuficha dalili: anatembea sawa, anaongea sawa, huku kiasi cha pombe kwenye damu yake ni kilekile.

Hili lilipimwa zamani. Robert Borkenstein, Mmarekani aliyebuni mwaka 1954 kile kifaa cha kupulizia cha kupima ulevi, baadaye aliongoza utafiti katika mji wa Grand Rapids, Michigan. Madereva waliopata ajali walilinganishwa na madereva wengine waliopita sehemu zilezile, saa zilezile, bila ajali. Kadiri pombe ilivyoongezeka kwenye damu, ndivyo hatari ya ajali ilivyopanda, na ilipanda kwa kasi. Viwango vya kisheria vya nchi nyingi vimejengwa juu ya kazi ya namna hiyo. Tanzania kikomo ni miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu. Kenya, ambako kifaa cha alcoblow kilianza kuwavizia watu barabarani Desemba 2013, hupima pumzi, na kikomo ni mikrogramu 35 katika mililita 100 za pumzi, ambacho kinakaribiana na hicho cha Tanzania. Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidi miligramu 50, na kwa vijana na madereva wapya kisizidi 20. Kwa hiyo hata anayejisifu kuwa "niko chini ya kiwango" asidhani kiwango hicho ndipo hatari inapoanzia. Inaanza chini yake.

"Bia si pombe kali." Tupige hesabu. Bia ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina mililita 25 za pombe tupu, yaani gramu 20 hivi. Sasa chukua chupa ndogo ya Konyagi, mililita 200, asilimia 35: gramu 55, karibu bia tatu. Aliyeimaliza atakuambia amekunywa kidogo, maana chupa yenyewe inaingia mfukoni. Mnazi nao huendelea kuchacha ukiwa umewekwa, kwa hiyo ule wa jioni si ule wa asubuhi, na muuzaji hana lebo ya kukuonyesha asilimia.

Gramu hizo zinatoka kwa mwendo wake, na mwendo huo haubembelezwi. Ini la mtu mzima hushughulikia takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Bia moja, saa mbili mpaka tatu. Kahawa ya tangawizi itakufanya uwe mlevi aliye macho. Supu ya mbuzi yenye pilipili na ndimu ni tamu, naipenda, ila inaingia tumboni wakati pombe iko kwenye damu. Kuoga maji baridi, kutapika, kutembea tembea uani: yote hayamuongezei ini kasi. Na wale wanaotafuna karafuu, kitunguu au pipi za mnanaa wakimwona trafiki kwa mbali wanatibu harufu tu. Kifaa kinapima pombe iliyo kwenye hewa ya ndani kabisa ya mapafu, inayotoka kwenye damu, ndiyo maana unaambiwa upulize mpaka mwisho.

Kutoka hapo ndipo inapozaliwa dhana ambayo mimi naiogopa kuliko zote: "Nililala, asubuhi niko safi." Chukua mwanamume wa kilo 70, ameanza saa moja jioni, amemaliza chupa sita za bia ya mililita 500 kufikia saa sita usiku, akalala. Saa kumi na mbili asubuhi anaoga, anapiga pasi shati, anawapakia watoto kwenda shule. Kwa hesabu ya kawaida anaweza kuwa bado yuko karibu na zile miligramu 80. Hajisikii mlevi, anajisikia amechoka na kichwa kinamgonga, na hilo analiita "hangova." Akitoa loki kwa bia moja ya asubuhi, anaongeza juu ya deni la jana. Huyu ukimwambia amelewa atakutukana, na atakuwa anasema ukweli wa moyo wake. Dereva wa lori aliyekesha kwenye kijiji cha njiani na kuondoka alfajiri yuko kwenye mkondo huohuo, tena na tani thelathini mgongoni.

Simu ina hadithi yake, lakini ugonjwa ni uleule: mtu anayeharibikiwa ndiye wa mwisho kujua.

"Natumia spika, mikono yangu yote iko kwenye usukani." Mwaka 1997 huko Toronto, Kanada, watafiti Redelmeier na Tibshirani walichunguza rekodi za simu za madereva waliopata ajali wakakuta kwamba hatari ilikuwa kama mara nne wakati mtu anapoongea na simu. Walipotafuta nafuu kwa wale wa simu zisizoshikwa mkononi, hawakuiona. David Strayer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah walikwenda mbele zaidi, wakawaweka watu kwenye mtambo wa kuigiza uendeshaji. Madereva waliokuwa wakiongea na simu walikumbuka vichache sana kati ya vitu vilivyokuwa kando ya barabara, hata vile ambavyo macho yao yalikuwa yameviangalia moja kwa moja. Walitazama bila kuona. Katika jaribio jingine la mwaka 2006 waliwalinganisha na watu waliolewa kufikia miligramu 80: walevi waliendesha kwa ubabe na kumfuata wa mbele kwa karibu, watu wa simu walichelewa kukanyaga breki. Vifo vya aina mbili, kwa maneno mengine.

Hapo huja swali, na ni la haki: mbona kuongea na abiria hakukatazwi? Kwa sababu abiria mtu mzima anaona barabara. Lori likichomoza kwenye kona ananyamaza katikati ya sentensi, au anapiga kelele. Shangazi aliyepiga simu kutoka Tanga kuulizia mchango wa harusi haoni lori. Anaendelea kuuliza, na dereva anaendelea kutafuta jibu.

Kuandika ujumbe ni kubaya zaidi, na hapa hesabu haihitaji mtaalamu. Basi lililo kwenye kilomita 80 kwa saa, kikomo cha mabasi Tanzania, linakwenda mita 22 kila sekunde. Sekunde tano za kusoma "uko wapi?" na kujibu "nakaribia" ni mita 110, zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira, na abiria sitini nyuma. Wa bodaboda wamebuni yao: simu imechomekwa ndani ya helmeti, imebanwa na shavu, kichwa kimeinama upande mmoja. Kwa upande ule hasikii honi, na simu ikianza kuteleza atatoa mkono mmoja kuirudisha. Kwa kawaida mkono wa kushoto, wa klachi, na mara nyingi ni pale pale anapopunguza mwendo kuingia kwenye watu.

"Nikijiua ni mimi mwenyewe." Laiti. Duniani watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na kwa walio kati ya miaka 5 na 29 hakuna kinachoua zaidi. Kenya, watembea kwa miguu wamekuwa kundi kubwa kuliko mengine kwenye orodha ya waliokufa, mwaka baada ya mwaka. Nao wakati mwingine wamelewa pia: mtu anayevuka barabara kuu usiku akiwa chakari hawezi kukadiria gari liko mbali kiasi gani, na dereva aliyelewa hamuoni mpaka taa zimfikie.

"Ajali nyingi ni mwendokasi, pombe inasingiziwa." Mwendokasi na pombe havigombanii nafasi, aliyepungukiwa woga ndiye anayekanyaga mafuta. Dereva akifia hapohapo na damu yake isipopimwa, kwenye ripoti huandikwa "uzembe" au "mwendokasi," na chupa iliyokuwa chini ya kiti haipati mstari wake.

"Kwenye foleni simu haina neno." Foleni haisimami yote. Magari yanaganda, bodaboda zinapenya katikati, muuza karanga anakatiza, mtoto wa shule anatokea mbele ya boneti ya daladala. Gari la mbele likisogea, aliyekuwa anasoma huinua macho, huona nafasi, huachia breki. Ameiona nafasi tu. Aliyekuwa anapita ndani yake hajamwona.